Walilia, Wakaandikwa Wafu

Wanangu mnaoanza,

Mmoja wenu, binti wa Kaloleni, alinipigia simu juzi sauti ikimtetemeka kwa hasira. Mjomba wake amemcheka mbele ya watu. Amemwambia kwamba kusomea epidemiolojia, elimu ya kufuatilia maradhi kwa hesabu, kwenye simu ni sawasawa na kujifunza kuogelea kwa kuandikiana barua. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Niliuweka kando, nikatafuta kalamu. Waraka huu ni wa yule mjomba pia, akitaka kuusoma.

Nimefanya kazi ya rekodi za afya tangu ujana wangu, huku pwani ya Kilifi na Malindi, nyuma ya madirisha yenye nondo, nikiandika nani kazaliwa, nani kachanjwa, nani kafa. Watu wananiita Mama Kadzo, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nilipofika miaka hamsini na mmoja, nilijiandikisha katika mafunzo haya haya ya mbali mnayoyaanza ninyi, ya kuchunguza takwimu za kina mama na watoto. Wenzangu kazini walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Kadzo, cheti chako kitakuja kwenye bahasha moja na barua ya kustaafu!" Nikawaambia vizuri, nitaokoa bahasha.

Mafunzo hayo yaliniondoa kwenye kiti changu, yakanikosanisha na mtu aliyenilea kazini, na ningeyaanza tena kesho asubuhi. Mjomba aambiwe hivyo.

Mwalimu wetu aliitwa Bi Rukia. Alikuwa mkunga mstaafu wa Malindi mjini, mzaliwa wa mitaa ya kale, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuogopesha. Sikumtia machoni hata mara moja mpaka siku ya kupewa vyeti. Kwangu mimi alikuwa sauti tu, saa kumi na moja jioni, Jumanne na Alhamisi. Sasa saa kumi na moja jioni mwanamke mwenye nyumba yupo jikoni, darasa au hapana darasa. Siku ya kwanza niliitegemeza simu kwenye kopo la unga, nikakaa juu ya mbuzi, nikaanza kukuna nazi huku nasikiliza. Sikujua kwamba kipaza sauti changu ki wazi.

Bi Rukia akanyamaza katikati ya sentensi. "Nasikia mbuzi. Ni wa nani?"

Mwenzetu mmoja wa bara akajibu upesi, "Mwalimu, si wangu. Mimi nafuga kuku tu."

Pwani yote darasani ikaangua kicheko. Nikakiri. "Ni mimi, mwalimu. Mama Kadzo. Nakuna nazi."

"Nazi ngapi?"

"Tatu."

"Ngapi mbovu?"

"Moja, mwalimu."

"Jirani yako naye akikwambia ana nazi moja mbovu, mtakuwa mmepata hasara sawa?"

Nikafikiri. "Itategemea yeye anazo ngapi. Akiwa na mia moja, basi mimi ndiye niliyepunjwa."

"Umeshamaliza somo la leo," akasema. "Kamua tui lako, lakini uzime kipaza sauti."

Mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo. Mtu akikuletea hesabu, vifo vitatu, watoto kumi, mimba tano, usishangilie wala usilie. Muulize: katika ngapi? Asiyeweza kujibu hajakuletea kitu.

Lakini msidhani Bi Rukia alinikuta mbichi. Kabla yake alikuwepo Bwana Kombe, mkubwa wa ofisi yetu ya takwimu. Ofisi yenyewe sitaitaja. Nilipoajiriwa, msichana asiyejua hata kushika rula, yeye ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, "Ukikosea kwenye rejista, usifute. Usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa lenyewe bado lisomeke. Andika sahihi pembeni, tia saini na tarehe. Karani anayeficha kosa lake ana kosa la pili analolificha." Aliniambia hivyo huku amenishika mkono, akinionyesha jinsi ya kuipitisha kalamu. Nilimheshimu kama kaka yangu mkubwa. Shikeni hilo akilini.

Na yapo mambo ambayo hawakunifundisha wao, nilifundishwa na aibu. Mwaka mmoja nilikuwa nasafisha orodha ya chanjo ya watoto wa kijiji kimoja. Nikawaona kina Kahindi wawili. Jina la kwanza moja, jina la baba moja, kijiji kimoja, wamepishana wiki mbili kuzaliwa. Nikajiona hodari: huyu ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili. Nikamkata mmoja. Miezi ikapita. Siku moja mama akaja dirishani, kitabu cha kliniki mkononi, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mama, mwanangu kila mtu anaitwa kuja kuchanjwa surua, yeye haitwi. Ametoka wapi kwenye daftari lenu?" Baba ana wake wawili, na kila mke alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu. Kwetu Wagiriama hilo ni jambo la kila siku, nami Mgiriama mzima nililisahau kwa sababu nilikuwa natazama kompyuta badala ya kutazama watu. Tangu siku hiyo siamini marudio mpaka niyaone majina ya mama.

Sasa niwape kisa chenyewe.

Mwisho wa mafunzo Bi Rukia alitupa kazi ya kumalizia. Kila mmoja achague takwimu za mahali anapopajua, azikague kwa miguu yake. Alitilia mkazo neno miguu. Nikachagua vifo vya watoto wachanga, wale wanaozaliwa hai kisha wakafa katika siku zao za kwanza. Nikapitia ripoti za zahanati zote zilizokuwa chini ya ofisi yetu. Zahanati moja, upande wa bara, ilinivuta macho. Mwezi baada ya mwezi, vifo vya wachanga: sifuri. Ilikuwa zahanati ya kusifiwa. Ilipewa hati ya pongezi, ikatundikwa ukutani, na wageni walipokuja walipelekwa kuitazama.

Ila wale wanaozaliwa wafu walikuwa wengi pale kuliko kwa jirani zake. Kwa nini? Nikaomba rejista ya uzazi niisome mstari kwa mstari.

Rejista ya uzazi, kwa wale ambao hawajaishika, humpa kila mama mstari wake, na mstari una vyumba vingi: uzito wa mtoto, jinsia, amezaliwa hai au mfu, amepewa dawa gani. Mtoto akizaliwa hai hupakwa dawa ya macho, na muuguzi hutia alama. Nikafika kwa mama mmoja aliyeitwa Dama. Mtoto wa kike. Uzito mzuri kabisa. Mfu. Na mbele kidogo, kwenye chumba cha dawa ya macho, alama ya tiki.

Nikaweka kalamu chini. Nani humpaka mfu dawa ya macho?

Nikaendelea. Wakafika wanne wa namna hiyo. Wafu wanne waliopakwa dawa ya macho.

Nilimpigia Bi Rukia mchana ule ule, nimesimama nje ya ofisi chini ya tangi la maji, penye mtandao. Nilikuwa nahema. Nikamwambia nimemkamata mwongo.

"Hujamkamata mtu," akanijibu. "Umeona tiki. Tiki huenda ni mkono uliozoea. Nenda ukamuulize aliyeitia, na umuulize kama mtu anayetaka kujua, usimwulize kama askari."

Nikapanda pikipiki mpaka zahanati. Muuguzi aliyekuwepo aliitwa Sista Nekesa, mwenyeji wa Bungoma, miaka mingi huku kwetu, peke yake katika kituo kizima. Alikuwa anamdunga mtoto sindano. Aliponiona na ile rejista kwapani akamaliza kazi yake taratibu, akawaaga mama na mtoto wake, akafunga mlango.

"Umekuja kunishika, Mama Kadzo?"

"Nimekuja kuuliza. Hii tiki ni mkono umeteleza?"

Akaitazama kwa muda mrefu. Angeweza kusema ndiyo. Ningeondoka na ndiyo yake, na kazi yangu ingeishia hapo. Badala yake akafungua kabati, akatoa mfuko wa kupulizia hewa, ule wanaotumia kumsaidia mtoto anayeshindwa kupumua. Ulikuwa umepasuka ubavuni, umebandikwa plasta, na plasta imebanduka.

"Nimeandika barua kuomba mwingine mpaka nimechoka," akasema. "Mtoto akilia kisha akafa, hicho ni kifo cha mchanga. Naitwa kwenye kikao mjini, nahojiwa kama mwizi. Siku hiyo hapa kunafungwa, kina mama wanakuta kufuli. Kwenye kikao nikitaja mfuko, wanasema nisilete visingizio. Mtoto akizaliwa mfu, hakuna anayeniita. Baadaye nikaambiwa kituo chako kina sifuri, Sista, usituharibie sifuri yetu. Basi nikawa naandika mfu."

"Na wale wanne?"

Hakuhitaji rejista. Aliwataja mama zao wote kwa majina, na mvua iliyokuwa ikinyesha, na nani alikuja na shemeji yake. Alilia wakati anawataja. Nikamshikia ule mfuko uliopasuka.

Akasema tukawaone, na yeye atakuja nami. Niliona ni ujasiri mkubwa, nikakubali. Hapo nilikosea, na Bi Rukia alinikaripia vikali baadaye: unapomhoji mama kuhusu uzazi wake, huendi na yule aliyemzalisha, kwa maana mama huyo kesho atamhitaji tena, na ataogopa kusema. Alikuwa na haki kunikaripia. Msifanye nilivyofanya. Siku ile ilinusurika kwa sababu Dama hakuwa mtu wa kuogopa.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Msichana mwembamba, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akamwona Nekesa nyuma yangu. Mikono ikasimama.

Nilimwambia nataka anieleze siku aliyojifungua, na kama hataki nitaondoka bila kinyongo. Akapukuchua gunzi zima kabla ya kujibu.

"Waliniambia alikuwa mfu. Lakini mimi nilimsikia. Mara mbili. Sauti ndogo, kama ya mtoto wa paka. Nilipomwambia mume wangu akasema uchungu ulinichanganya akili. Mama mkwe naye akasema tumbo lililobeba maiti lazima lisafishwe, nikapelekwa kwa mganga nikanyweshwa dawa. Mtu akiambiwa kila siku kwamba hakusikia, mama, mwishowe kweli hasikii."

Mama mkwe mwenyewe, Hawe Nyevu, alikuwa amesimama mlangoni. Hawe, kwa wasiojua Kigiriama, ni nyanya.

Nekesa akakaa chini kwenye udongo, na sare yake nyeupe. "Ulisikia vizuri, Dama. Alilia. Nilikuwa nimemshika mimi. Mfuko wa hewa ulikuwa umepasuka, nikampulizia kwa mdomo wangu mpaka nikaona giza. Nikashindwa. Halafu nikaandika uongo."

Dama hakumsamehe. Msitarajie hivyo, hizi ni kumbukumbu zangu, si mahubiri. Aliinuka, akachukua ungo wa mahindi, akaingia ndani. Tulikaa pale kama watu waliofukuzwa ila hawajui njia. Kisha akatoka tena, ungo haupo mkononi.

"Andikeni kwamba alilia," akasema.

Nikaandika. Wale wengine tuliwafuata pia, mmoja alikuwa amehamia Kuruwitu, nikazungumza naye kwa simu. Wote wanne walisikia watoto wao. Hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Nikatayarisha ripoti yangu ya masomo, na kwa kuwa ilihusu takwimu za ofisi, nikampelekea nakala Bwana Kombe. Ilikuwa haki yake kuijua kabla ya mtu mwingine. Akaniita baada ya siku mbili. Mezani palikuwa na ripoti yangu na, kando yake, ripoti za kila mwezi za zahanati ile.

"Wageni wanakuja kutembelea kituo kile mwezi ujao," akasema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua, Bwana Kombe."

"Basi ondoa safu hii. Andika kuhusu chanjo. Andika kuhusu vitamini. Ufaulu mtihani wako kwa amani."

"Na watoto?"

"Watoto wamekufa, Mama Kadzo. Ukiwaita wachanga au ukiwaita wafu, hawarudi. Lakini sisi tutaulizwa, mimi na wewe na yule muuguzi. Futa."

Nilimtazama yule mzee. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Mkono wake ulikuwa juu ya karatasi, na ndio ule ule ulioushika wangu siku zile.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kosa halifutwi," nikamwambia. "Uliniambia lipigwe mstari mmoja, lisomeke."

Akageuza uso. "Haya masomo ya simu yanawapa watu vichwa vikubwa. Wewe ni karani."

"Ndiyo, ni karani. Kalamu hii hapa." Niliiweka mbele yake. "Futa wewe, Bwana Kombe, kisha utie saini yako na tarehe. Mimi nitaambatisha."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Hakuigusa kalamu. Nami sikuichukua, niliiacha pale mezani, nikatoka. Msidhani wenye kukataa hawaogopi.

Wiki ile ile nikapewa barua ya uhamisho. Kituo kidogo, upande wa Dabaso, kazi ya kupanga majalada ya zamani stoo. Waliosema habari ile walisema kwa huruma, kana kwamba nimefiwa. Mimi nilikwenda na mkoba wangu na feni ya mezani, nikayapanga majalada. Yalipangika vizuri sana, nisiseme uongo. Na kwenye ngazi za nyuma za kituo kile kulikuwa na mtandao bora kuliko wa ofisini kwetu kote.

Ni kwenye ngazi hizo nilikofanyia mtihani wa mwisho, saa nne asubuhi, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Upande wa pili walikuwepo watahini watatu, wanafunzi wenzangu, na wageni waalikwa kutoka ofisi mbalimbali. Bwana Kombe alikuwemo. Niliona jina lake likiwaka kwenye kioo. Nekesa nilimwalika asikilize tu, kwa heshima, kwa kuwa kazi ilikuwa pia yake. Katika ripoti sikuwa nimemtaja jina, wala zahanati yake.

Nikaanza vizuri. Nikaeleza tiki, nikaeleza asili na kiasi, yaani wangapi katika ngapi. Nilipofika kwenye wale wanne, mtandao ukakatika. Nikabaki naisemesha ndoo. Nikabonyeza, nikapanda ngazi ya juu, nikashuka, nikainua simu juu kama mtu anayeita mvua. Iliporudi, nikasikia mtu mwingine anazungumza.

Alikuwa Nekesa. Alikuwa anasema, "Jina langu nimelitaja mwenyewe, msimuulize Mama Kadzo. Mimi ndiye niliyeandika. Mfuko nilionao ni huu." Kwenye kioo, katika kisanduku kidogo kama stempu, aliuinua ule mfuko uliopasuka, akaubana. Tukasikia hewa inavyotokea ubavuni, fyuu. Akaubana tena. Fyuu.

Kisha sauti ya mwanamume mmoja nisiyemjua, mmoja wa wale wageni, ikauliza, "Barua za kuomba mwingine zipo?"

"Nakala zote ninazo," akasema Nekesa. "Nizisome?"

"Zisome."

Akazisoma zote, na tarehe zake. Jina la Bwana Kombe likazimika kwenye kioo kabla ya barua ya mwisho.

Nilifaulu. Bi Rukia aliniambia kwamba nimepoteza alama kwa kumpeleka muuguzi nyumbani kwa mama, na kwa mtandao hakunipunguzia. Mifuko mipya ilifika kwenye zahanati ile, na nyingine mbili za jirani zilizokuwa kimya zikajitokeza kusema nazo hazina. Nekesa alipewa barua ya onyo, iko kwenye jalada lake mpaka leo. Alipewa pia muuguzi wa pili, baada ya kelele nyingi. Ile hati ya pongezi aliitungua mwenyewe ukutani. Mwezi uliofuata ripoti yake haikuwa na sifuri, na wapo walioniambia mimi na yeye tumeiharibia kaunti sura. Nikawajibu sura inaoshwa kwa maji, haioshwi kwa rangi nyeupe.

Bwana Kombe alistaafu kwa hotuba na keki. Hakuniomba radhi. Tukikutana sokoni Malindi tunasalimiana, anaulizia wajukuu wangu, namuulizia presha yake. Nami simwombi kitu. Aliyonifundisha alinifundisha, nami nimeyashika kuliko alivyotaka.

Mimi sikurudishwa kwenye kiti changu wala sikupandishwa cheo. Nilibaki Dabaso mpaka kustaafu, na kwa sababu ya zile ngazi zenye mtandao Bi Rukia akaniomba nimsaidie kufundisha. Nimewafundisha vijana wa Lamu, wa Garissa, wa Kwale, watu ambao sijawahi kuwashika mkono. Wengine wao leo ni wakubwa wa ofisi. Kwa hiyo yule mjomba akiuliza tena mtu anajifunzaje kuogelea kwa barua, mwambieni kwamba sisi hatukuwa tunajifunza kuogelea. Tulikuwa majini tayari, miaka mingi, tunazama na wenzetu. Barua ilituambia tu tuelekee wapi.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika ripoti yangu, nami sijawahi kuliandika.

Nekesa alipokwisha kusahihisha rejista, mstari mmoja mwembamba juu ya neno mfu, saini, tarehe, nilimwomba ruhusa nikamsomee Dama ule ukurasa. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilimkuta na mumewe, na Hawe Nyevu amekaa kwenye kigoda. Nikafungua rejista mapajani.

"Mama: Dama. Mtoto: wa kike. Amezaliwa hai. Amelia. Amepakwa dawa ya macho. Amefariki siku hiyo hiyo."

"Soma tena," akasema Dama.

Nikasoma tena. Mumewe alikuwa anatazama mikono yake. Dama hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama yeye, na alimtazama mpaka yule mwanamume akainua uso akasema, kwa sauti ya chini, "Ulimsikia."

"Nilimsikia."

Hawe Nyevu akauliza, "Hiyo karatasi inasema alilia?"

"Inasema, hawe."

"Basi alikuja. Maiti haina jina, lakini aliyekuja ana jina. Mtoto wa kike wa kwanza wa mwanangu huitwa kwa jina langu." Akainyooshea kidole rejista. "Andika Nyevu."

Rejista ya uzazi haina mahali pa jina la mtoto. Sheria yetu inakataza kuandika chochote pembizoni isipokuwa sahihisho la kosa, nami niliwafundisha vijana wengi sheria hiyo, na nitawafundisha ninyi pia.

Nikatoa kalamu, nikaandika pembizoni, kwa herufi kubwa, Nyevu. Nikatia saini na tarehe. Dama akaniomba amwone, nikamgeuzia ukurasa, akaweka kidole juu ya jina, akakiacha pale mpaka wino ukakauka.